Mfupa Katika Pua ya Mwanaidi

Kibiti, 14 Februari 1956

Kwa mume wangu Bashiru bin Kibwana, Mbwera.

Nakusalimu wewe na mama yako na wote wa uani. Nimefika Kibiti jana alasiri kwa lori kutoka Dar es Salaam, niko kwa shangazi Mashavu, dada wa marehemu baba.

Pua imepasuliwa. Nilipewa dawa ya usingizi, na nilipozinduka tundu zote mbili zimeshindiliwa pamba. Siku tatu nilipumua kwa mdomo, ulimi ukakauka kama ngozi ya ngoma. Juu waliniwekea plasta ngumu siku kumi. Macho yalivimba yakawa meusi, sasa yamebaki manjano. Lakini ule ubonde ulioachwa na boriti siku ile tulipokuwa tukizipakia chomboni, haupo tena. Nesi alinipa kioo, nikajitazama mara moja nikamrudishia. Daktari kasema nisiihukumu pua kabla ya miezi sita.

Nimekatazwa mengi. Nisipenge kamasi hata kidogo. Nikitaka kupiga chafya nifungue mdomo. Nisiiname, nisijitwike, nisikae na moshi, nilale kichwa kimeinuka. Ndiyo sababu sikuja nyumbani moja kwa moja. Kutoka Mbwera kwenda kwa dresa, mtibabu wa zahanati, ni safari ya siku nzima, tena maji yakiwa mazuri. Hapa zahanati iko hatua chache, na dresa anatazama kama kuna usaha. Mwisho wa Machi narudi Dar es Salaam daktari anione.

Najua hukupenda safari hii. Lakini miaka miwili watu wamekuwa wakisema pua yangu imeliwa na ugonjwa wa aibu, hata wale waliokuwepo boriti iliponiporomokea. Nivumilie wiki hizi.

Nimeandika kwa herufi zetu za chuoni, za Kiarabu, maana si kila mwenye macho hapa anaweza kuzisoma.

Mkeo, Mwanaidi binti Mohamedi


Mbwera, 21 Februari 1956

Kwa Mwanaidi binti Mohamedi.

Barua yako imenifikia kupitia Nyamisati. Gundi imeachia upande mmoja. Sijui iliachia yenyewe au iliachishwa. Na wewe unasema umeandika kwa herufi za chuoni ili isisomwe. Isisomwe na nani? Ina nini cha kufichwa?

Nimefurahi kuwa u mzima. Lakini kuna mambo siyaelewi. Tulikubaliana kwenda na kurudi, sasa ni Kibiti mpaka mwisho wa Machi. Huyo dresa ni mtu wa wapi, ana mke, na anakutazama pua mara ngapi kwa wiki? Shangazi yako anakuwepo?

La pili ni la mama, naye ameniambia nikuandikie hivi hivi. Anauliza, pua iliyobonyea inainuliwa na nini? Nyama peke yake haisimami. Lazima wametia kitu. Huku maneno yameenea kuwa hospitali huchukua mfupa wa maiti wakaupachika kwa mtu aliye hai, na kuwa mumiani, wale wanyonya damu, hawako mbali na kazi hiyo. Mama kasema katika chungu chake hatapika mtu mwenye maiti usoni. Mimi sijasema hivyo. Mimi nauliza tu: mna nini ndani ya pua hiyo?

Nijibu jambo moja moja.

Bashiru bin Kibwana


Kibiti, 27 Februari 1956

Kwa mume wangu Bashiru.

Dresa ana mke, jina lake Siti, na watoto wanne. Ananitazama Jumatatu na Alhamisi, mlango wazi, shangazi amekaa kwenye benchi akitafuna tambuu. Ukitaka nikutajie na rangi ya benchi nitakutajia.

Katika pua yangu hamna mfupa wa maiti. Nakuapia kwa Mungu. Mwambie mama yako, kisha mwambie na huyo aliyemwambia.

Uvimbe unapungua. Harufu bado sizisikii. Jana shangazi alikaanga samaki nikajua kwa macho tu. Dresa anasema huenda zikarudi, huenda zisirudi.

Sasa na mimi niulize. Wanawake waliotoka Dimani wamemwambia shangazi kuwa mavyaa wangu, mama yako, alionekana huko na kikapu, amevaa nguo mpya, akaingia nyumba yenye msichana na akakaa humo asubuhi nzima. Mama yako hana ndugu Dimani. Alikwenda kufanya nini, nami sina hata mwezi tangu nipasuliwe?

Mwanaidi


Kibiti, 8 Machi 1956

Kwa mume wangu Bashiru.

Sijapata jibu lako, lakini naandika kabla yake, maana kuna neno nililolificha nami halinipi raha. Nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mwingine.

Uliniuliza mna nini puani, nikakujibu nusu. Mna mfupa, na mfupa huo ni wangu mwenyewe. Asubuhi ya kupasuliwa daktari alikuja na mkalimani, akasema boriti ilivunja mfupa wa pua vibaya, hauinuki bila kutiwa mwingine. Akasema atachukua kipande kwenye nyonga yangu, kidogo kama kidole cha mtoto, akichonge. Nikaulizwa kama mume wangu anakubali. Nikasema mume wangu yuko Mbwera, na barua mpaka imfikie na irudi ni wiki mbili. Nikaandika jina langu mwenyewe.

Kwa hiyo nina jeraha jingine kwenye nyonga ya kulia, urefu wake kama kidole cha kati. Hili linaniuma kuliko la pua. Natembea nikichechemea.

Nilikuficha kwa sababu ruhusa uliyonipa ilikuwa ya pua tu. Na kwa sababu tuna miaka sita hatujapata mtoto. Nilijua mama yako akisikia nimekatwa karibu na tumbo atasema wameniharibu kizazi, nawe utamsikiliza. Nilikuwa nimepanga kukuonyesha nikija, uone mwenyewe kuwa ni ubavuni, juu ya mfupa, mbali kabisa na huko.

Nimekosa kukuficha. Nisamehe.

Mwanaidi


Mbwera, 9 Machi 1956

Kwa Mwanaidi binti Mohamedi.

Salumu mchuuzi amerudi jana kutoka Kibiti. Alikuona njiani karibu na soko. Anasema unachechemea, unashika nyonga kama mwanamke aliyetoka kuzaa, na ulipomwona uligeuza uso ukaingia dukani.

Pua ndiyo ilikuwa mbovu. Nyonga inachechemea nini?

Nimekaa na swali hili tangu jana, na mama amenisaidia kulijibu. Kule ulikwenda kupasuliwa tumbo. Labda wamekufunga kizazi, labda uliomba wewe, labda kulikuwa na kitu cha kutolewa. Pua ilikuwa pazia. Na mimi nilikutuma kwa mkono wangu, nikakupa na baraka.

Miaka sita nimekaa bila mtoto, sikukunyooshea kidole. Sasa naona sababu.

Leo baada ya sala ya adhuhuri, mbele ya mashahidi wawili, nimetamka talaka moja. Hesabu eda yako kuanzia leo. Vitu vyako vimewekwa pamoja, havitaguswa.

Habari ya Dimani waulize waliokuambia.

Bashiru bin Kibwana


Mbwera, 16 Machi 1956

Kwa Mwanaidi binti Mohamedi.

Nimepata barua yako ya tarehe nane. Nimeisoma mara nyingi.

Kama ni kweli, umenifanya niseme neno zito bila sababu. Lakini nitajuaje kuwa ni kweli? Salumu alikuona tarehe sita. Wewe uliona kuwa amekuona. Tarehe nane ukaandika. Mtu aliyetaka kusema ukweli angesema katika barua ya kwanza, au ya pili nilipouliza waziwazi. Uliapa kwa Mungu kuwa hamna mfupa wa maiti. Ulichagua maneno ya kuapia.

Niletee cheti cha daktari chenye muhuri, kinachosema walikata wapi na walichukua nini. Kikija tutazungumza. Kisipokuja, neno langu linabaki lilivyo.

Bashiru bin Kibwana


Kibiti, 20 Aprili 1956, mfungo wa Ramadhani

Kwa Bashiru bin Kibwana.

Barua hii ni yangu mimi Mashavu, imeandikwa na Mwalimu Abdulkarimu wa chuo cha hapa kwa jinsi ninavyosema. Nimemwomba asipunguze ukali.

Mwanaidi alinikataza kukuandikia. Lakini hayupo hapa kunizuia, na nitakwambia kwa nini hayupo.

Talaka yako ilimfikia tukiwa tunachambua mchele. Alisoma, akaikunja, akaendelea kuchambua. Kisha akaingia ndani akalia, na katika kulia akasahau alilokatazwa, akapenga kamasi kwa nguvu. Damu ikatoka. Dresa akaikausha, akasema tusubiri. Barua yako ya pili, ile ya cheti, ilipofika aliisoma akaniambia, "Shangazi, sitamjibu." Sijamsikia akikutaja tena.

Mwisho wa Machi alipaswa kurudi kwa daktari. Mvua zikafunga barabara, malori yakawa hayapandi wala hayashuki. Kwanza ilikuwa wekundu juu ya pua. Kisha ikawa harufu. Yeye hakuisikia, puani hamna harufu tangu apasuliwe. Sisi tuliisikia, na ilibidi mimi ndiye nimwambie. Unajua ni kazi gani kumwambia mtu kuwa uso wake unanuka? Kisha homa. Dresa alimulika tochi tunduni akaona ncha ya mfupa imetokeza nje ya nyama. Alimdunga sindano siku nane. Akaniita pembeni akasema usaha ukipanda juu ya pua, juu yake kuna macho na ubongo, na yeye hana dawa ya huko.

Juzi lori la kwanza limepita na amepakiwa. Dresa amempa barua ya kumpelekea daktari, na Siti mke wa dresa ndiye anayemuuguza njiani, ameacha watoto wake kwangu. Tumesikia wamelala usiku mzima kwenye tope. Zaidi ya hapo hatujui.

Jeraha la nyonga mimi nimelisafisha kwa mikono yangu tangu Februari. Liko juu ya mfupa. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nimezaa saba, najua kizazi kiko wapi. Wewe hujui, na mama yako aliyekuzaa anajua lakini hakukwambia.

Mashavu binti Abdala


Kibiti, 20 Mei 1956

Kwa Mwanaidi.

Barua hii naiacha kwa shangazi Mashavu akupe utakaporudi.

Barua yake ilinifikia tarehe kumi Mei, kwa sababu mto umefurika na Nyamisati hapafikiki kwa urahisi. Nilikaa sikukuu, kisha nikaondoka. Nitakwambia ukweli wote. Hata njiani sikuwa nimeamini. Nilijiambia shangazi anamtetea mtoto wa kaka yake, nikifika nitamkuta Mwanaidi amekaa barazani mzima, amepaka hina. Nilipofika nikaambiwa hujarudi tangu Aprili, na kuwa mke wa dresa naye hayupo, nikaingiwa na wazo jingine baya zaidi, kuwa dresa amemwondoa mkewe ili akufiche wewe. Nikaenda zahanati nikiwa nimekunja ngumi.

Dresa ni mtu mfupi mwenye miwani, umri wa baba yangu. Aliniuliza, "Wewe ndiye mume?" Nikamwambia ndimi. Akasema, "Mgonjwa wako alikuwa na homa kali siku tisa. Ulikuwa wapi?" Akafungua daftari lake akanisomea. Tarehe, homa, usaha, jeraha la nyonga, upande wa kulia, limepona vizuri. Ameandika na siku zile ulizokataa kula. Nilimwomba anisomee tena ile ya nyonga. Akanisomea.

Shangazi hakunikaribisha ndani. Alinitolea vile vitambaa ulivyokuwa ukifunga, vimefuliwa na bado vina madoa. Akasema, "Vishike." Nikavishika.

Ulichouliza cha Dimani ni kweli. Mama alipeleka posa kwa ajili yangu. Alinipa habari kabla ya kwenda na mimi sikusema ndiyo wala hapana. Nilinyamaza, nikakuachia wewe uonekane mwenye siri.

Jana na leo nimeuliza watu wa dini. Talaka yangu ni moja, nina haki ya kukurejea maadamu eda haijaisha. Leo tarehe ishirini, mbele ya Mwalimu Abdulkarimu na shahidi mwingine, nimesema nimekurejea. Kwa hiyo wewe ni mke wangu. Nitasubiri habari yako Mbwera. Mungu akurudishe salama.

Bashiru


Kibiti, 3 Juni 1956

Kwa Bashiru bin Kibwana.

Nimerudi juzi. Barua yako nimepewa.

Kwanza pua, maana ndiyo iliyoanza yote haya. Daktari aliifungua tena. Kile kipande cha nyonga ncha yake ilikuwa imeoza, akaikata, akaacha iliyobaki kwa sababu ilikuwa imeshashika. Nililala hospitali mwezi mzima. Siti alikaa na mimi wote, akilala chini. Sasa pua imenyooka juu, chini inakwenda kushoto kidogo. Pana kovu upande huo. Daktari alisema baada ya mwaka angeweza kuijaribu tena, nikamwambia basi. Napumua kwa tundu zote mbili. Harufu hazijarudi. Watu wakinitazama sasa wanaona mwanamke mwenye pua iliyopinda, hawaoni mgonjwa wa aibu. Nilichokwenda kutafuta nimekipata.

Sasa hili la pili, nalo lisome polepole.

Uliniacha tarehe tisa Machi, nami siku hiyo nilikuwa katika tohara, sina hedhi. Mwalimu Abdulkarimu ameniambia sheria yetu, wewe pia uliza kwa Mwalimu wako: eda ni tohara tatu, na inapoingia hedhi ya tatu imekwisha. Hedhi yangu ya tatu iliingia tarehe kumi na saba Mei, hospitali. Wewe ulitamka kunirejea tarehe ishirini. Umechelewa siku tatu. Mimi si mke wako.

Nilimuuliza Mwalimu, mwanamume akibisha tarehe hizo itakuwaje? Akasema katika jambo hili mwanamke ndiye anayesadikiwa, kwa kiapo chake, kwa sababu hakuna ajuaye ila yeye. Nikamwuliza mara mbili kama amesema "anasadikiwa". Akasema ndivyo.

Siti alikuwepo. Ningeweza kumleta aseme. Simleti. Ningeweza kumwomba nesi karatasi yenye muhuri. Sikuomba. Cheti cha nyonga ninacho, daktari alinipa bila kuombwa, nacho nimekitia katika sanduku la shangazi na humo kitabaki. Una neno langu tu. Ukiliamini, jua kuwa ndoa yetu imekwisha. Usipoliamini, nenda kwa kadhi ukaseme mimi ni mwongo, nami nitakuja kuapa mbele yako.

Sikuandikii kwa chuki. Nilipokuwa na homa nilikuita, Siti anasema. Lakini nikipona na kurudi kwenye nyumba ambayo kila hatua yangu inahesabiwa na kila bahasha inanuswa gundi, nitakuwa nimetoka ugonjwa mmoja nikaingia mwingine. Na uani kwa mama yako sikai tena, kwa ndoa yoyote, na mtu yeyote.

Walii wangu ni baba mdogo Maneno, yuko Mkongo. Mwenye haja na mimi aende kwake kama watu wanavyokwenda.

Mwanaidi binti Mohamedi


Mkongo, 17 Juni 1956

Kwa Mwanaidi binti Mohamedi.

Nakuandikia kutoka kwa baba yako mdogo Maneno. Nimefika hapa jana.

Sikwenda kwa kadhi. Mbwera kuna waliosema niende, Salumu mmoja wao. Mama amesema mwanamke aliyeficha mfupa hashindwi kuficha siku tatu. Nilimjibu kuwa mimi ndiye niliyeachwa na siku tatu, si yeye. Ile posa ya Dimani imerudishwa na mimi mwenyewe nilikwenda kuomba radhi. Mama hajala na mimi tangu siku hiyo. Nimehamia Nyamisati. Nimepata kazi ya kupokea boriti gatini na chumba kimoja, mlango wake unatazama barabara. Ni kidogo na mvua inaingia upande mmoja, nitakiezeka upya.

Nilipokuja huku nilipita Kibiti. Sikuja kwa shangazi, kwa sababu sina haki ya kufika hapo tena. Lakini njia inapita mbele ya nyumba ya dresa. Siti alikuwa nje anaanika mihogo. Tulisalimiana. Alisimama kama mtu anayengoja kuulizwa. Nilijua neno moja tu lingetosha, na angenijibu, nisingehitaji kulala tena na shaka. Nilimuuliza watoto hawajambo, akasema hawajambo. Nikapita.

Sitakudanganya kuwa shaka imekufa. Mimi ni mtu wa namna hiyo, nimejijua sasa. Lakini kuwa nayo na kuifuata ni mambo mawili.

Baba yako mdogo amenisikiliza, akasema posa ya mwanamke aliyewahi kuolewa haikubaliwi mpaka mwenyewe aulizwe. Hivyo unaulizwa. Ukisema hapana, nitarudi Nyamisati, na sitaandika kutaka sababu.

Bashiru


Kibiti, 26 Juni 1956

Kwa baba mdogo Maneno, Mkongo.

Shikamoo baba. Nimepata barua mlizonitumia, yako na yake.

Siti alikuja siku ileile Bashiru alipopita. Aliniambia, "Amenisalimu, ameuliza watoto, amekwenda zake. Nilikuwa tayari kumwambia yote." Nilimuuliza kama alisitasita. Akasema alisitasita sana, alishika mti wa uzio kwa mkono mmoja, kisha akaenda. Nimelifikiria hilo siku kadhaa. Kama Siti angeniambia hakusita, nisingemsadiki Bashiru.

Mwambie ndiyo. Ndoa isomwe hapa kwa shangazi, mwezi ujao, na aje na watu wawili, asije na kumi. Mahari iwe ileile ya mwanzo. Lile paa aliezeke kabla sijafika, maana daktari amenikataza kulala penye unyevu, na pua bado inauma asubuhi kukiwa na baridi.

Mwanao, Mwanaidi